Tom Mboya: Mwanafunzi wa Mang'u Aliyekatiziwa Safari na Karo

Wengi wanaosimulia maisha ya Thomas Joseph Odhiambo Mboya huanzia katika vyama vya wafanyakazi, wakapitia Accra na Marekani, kisha wakaishia kwenye risasi za Julai 5, 1969. Njia hiyo ina mantiki yake, maadamu umaarufu wa mtu huyu ulijengwa katika uwanja wa siasa. Hata hivyo, ina kasoro moja. Humfanya Mboya aonekane kana kwamba aliibuka ghafla mwaka wa 1952 akiwa mtu mzima, suti imemkaa, ulimi umekwisha kunolewa, hana alikotoka ila alikokwenda. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanamtazama kwanza akiwa kijana wa miaka 15, mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza katika chuo cha Kikatoliki cha Holy Ghost, Mang'u, mwaka wa 1946. Kisha yanauliza ni jambo gani lilimpata alipolazimika kukiacha chuo hicho ilhali alikuwa amefaulu kuendelea. Kwa maoni yangu, mambo makubwa aliyoyatenda Mboya baada ya hapo, hasa lile la kuwasafirisha vijana kwenda kusoma ng'ambo, hayaeleweki vyema bila kuitalii miaka hiyo miwili.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Shamba hilo lilikuwa la Sir William Northrup McMillan, lowezi mwenye asili ya Marekani, ambaye alikuwa amekwisha kufariki wakati huo. Baba yake, Leonardus Ndiege, na mama yake, Marcella Onyango, walitoka kisiwani Rusinga katika Ziwa Viktoria, miongoni mwa watu wenye asili ya Kisuba ambao lugha yao ilikuwa imekwisha kumezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Ndiege aliingia shambani akiwa mkata mkonge, akapanda hadi kuwa nyapara. Cheo hicho kilimpa heshima mbele ya wafanyakazi wenzake, lakini hakikumpa utajiri. Mshahara wa nyapara Mwafrika katika mashamba ya walowezi ulitosha kuilisha familia, na kwa kujinyima sana, kumpeleka mtoto mmoja shuleni. Neno hilo, mtoto mmoja, tutalirejelea.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, mazingira ya kuzaliwa kwake yana mvuto wa pekee. Shamba la mkonge lilikuwa soko la lugha. Walikuwamo Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya na wengineo, na kilichowaunganisha katika mistari ya mkonge na katika foleni ya posho kilikuwa Kiswahili. Mtoto wa nyapara alikua akisikia Dholuo nyumbani, Kikamba na Kikuyu kwa majirani, na Kiswahili kwa wote. Ilisadifu kwamba mwaka huohuo wa 1930 ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chombo kilichopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Sidai kwamba kuna uhusiano wowote baina ya matukio hayo mawili. Nasema tu kwamba, wakati wataalamu walipokuwa wakijadiliana kuhusu tahajia, Kiswahili cha mashambani kilikuwa kikimlea kiongozi ambaye baadaye angekitumia kuhutubia maelfu ya watu pale Kaloleni, Nairobi, bila kuhitaji mkalimani.

Alipofikisha miaka 9, mwaka wa 1939, alipelekwa katika shule ya misheni ya Kabaa, nchini mwa Wakamba. Vifaa vilikuwa haba. Watoto walijifunza kuandika herufi mchangani kwa vidole, upepo ukipita unafuta, wanaanza upya. Mwaka wa 1942 alihamia Yala, mkoani Nyanza, katika shule ya Mtakatifu Mary iliyokuwa chini ya mapadre wa Mill Hill. Huko ndiko alikoanza kusoma Kiingereza na historia kwa dhati, na huko alikaa hadi mwaka wa 1945. Hatuna haja ya kukawia hapo. Lililo muhimu ni kwamba alifanya vyema katika mtihani wa kumaliza masomo ya msingi, akapata nafasi Mang'u.

Chuo cha Holy Ghost kilikuwa na historia fupi lakini yenye uzito. Kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1925 palepale Kabaa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Padre Michael Witte akiwa mstari wa mbele, kisha kikahamishiwa Mang'u, katika wilaya ya Kiambu, si mbali na Thika, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikianza. Waprotestanti walikuwa na Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926. Wakatoliki nao walikitegemea chuo hiki kuwapa walimu, makarani na mapadre wa baadaye. Jina la chuo lisimpotoshe msomaji. Siku hizo shule ya upili ya misheni iliitwa chuo bila aibu, na kwa haki, kwa kuwa kwa Mwafrika wa kawaida hakukuwa na ngazi nyingine juu yake ila Makerere, ambako walifika wachache mno.

Na ni nani hawa Mapadre wa Roho Mtakatifu? Wanaisimu wenzangu wanawajua, hata kama hawajui kwamba wanawajua. Ndio waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka wa 1868, wakitokea Unguja. Ndio shirika la Padre Charles Sacleux, aliyekusanya msamiati na lahaja za pwani kwa miaka mingi, na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris kuanzia mwaka wa 1939. Kufikia enzi ya Mboya, mapadre wa shirika hilo nchini Kenya walikuwa hasa Waayalandi, yaani watu waliotoka katika nchi iliyokuwa imetawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi na kujitenga nao kizazi kimoja tu kabla. Sina ushahidi wa kusema kwamba walimu hao waliwafundisha vijana wa Mang'u kuichukia himaya ya Uingereza. Walikuwa wageni wa serikali ya kikoloni, nao walitegemea ruzuku yake. Lakini kijana mwerevu hahitaji kuambiwa kila kitu ili atambue kwamba si kila mzungu ni Mwingereza.

Maisha ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya Kikatoliki miaka ile yaliendeshwa na kengele. Kengele iliwaamsha alfajiri, ikawapeleka kanisani, ikawaingiza darasani, ikawatoa kwenda shambani au kufagia uwanja, ikawarudisha kwenye maandalio ya jioni, na mwishowe ikawanyamazisha bwenini. Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, kama ilivyokuwa kote ulimwenguni kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, na vijana ambao hawakujua sarufi yake waliimba majibu yake kwa moyo. Kidato cha kwanza ndicho kilichokuwa tabaka la chini kabisa katika jamii hiyo ndogo. Mgeni alijifunza upesi nani asimkatie maneno, kazi zipi ni zake, na kwamba kuchelewa ni kosa lisilo na utetezi. Kaulimbiu ambayo shule hiyo inajulikana kwayo ni ya Kiswahili, Jishinde Ushinde, na sijui kama kuna maneno mawili yanayoufupisha mfumo huo wa malezi kuliko hayo. Adui wa kwanza wa mwanafunzi alikuwa yeye mwenyewe, yaani usingizi wake, njaa yake na kiburi chake.

Jambo ambalo waandishi wengi hulipuuza ni la lugha. Kijana aliyeingia Mang'u mwaka wa 1946 alisoma kwa Kiingereza, alisali kwa Kilatini, na mchezoni alikutana na wenzake kutoka Nyanza, Ukambani, Kiambu na Nyeri, ambao lugha yao ya pamoja nje ya darasa haikuwa na budi kuwa Kiswahili. Wengi waliona ugumu katika mseto huo. Mboya aliukuta kama mtu anayerudi nyumbani, kwani Kilima Mbogo kulimwandalia hali iyo hiyo. Alikuwa Mluo aliyeweza kumtania Mkamba kwa Kikamba na kumjibu Mkikuyu kwa Kikikuyu. Naamini kwamba hapa ndipo tabia yake ya kisiasa ilipoanza kuumbika. Baadaye, alipogombea kiti cha Nairobi, wapinzani wake walishangaa kuona jinsi wapigakura wa makabila mbalimbali walivyomkubali. Huenda wasingeshangaa sana kama wangekumbuka mahali alipolala akiwa na miaka 15.

Vipawa vyake vilijitokeza hasa nje ya vitabu. Alipenda mdahalo, maigizo na uimbaji, mambo ambayo shule za misheni ziliyathamini kwa sababu yalijaza jioni ndefu na kumfunza mwanafunzi kusimama mbele za watu. Hakuwa bingwa wa michezo ya viungo. Anayetaka kuona matunda ya jukwaa la shule na asome taarifa za mikutano ya Mboya ya miaka ya 1950, aone jinsi alivyojua kunyamaza mahali panapostahili kimya, jinsi alivyomjibu mpinzani kabla hajakaa, na jinsi alivyopanga hoja tatu pale ambapo wengine walirudia moja mara tatu.

Nje ya ua la chuo, Kenya ilikuwa inatokota. Mnamo Septemba 1946, Mboya akiwa bado katika mwaka wake wa kwanza, Jomo Kenyatta alirejea nchini baada ya kukaa Ulaya miaka 15, na kwao Gatundu si mbali na Mang'u. Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari ikasimama, na Chege Kibachia akatokea kuwa sauti yao. Sisemi kwamba mwanafunzi wa Mang'u aliyafuata hayo yote gazetini. Lakini shule ya bweni haina ukuta usiopitisha habari. Wanafunzi walirudi kutoka likizoni, wengine wakiwa na baba au kaka waliofanya kazi bandarini, relini na mashambani, nao walikuja na masimulizi. Mwaka huohuo wa 1947 aliingia kidato cha kwanza kijana kutoka Othaya, Nyeri, aitwaye Mwai Kibaki, na Mboya sasa akawa miongoni mwa wakubwa wa kumwelekeza mgeni. Miaka 18 baadaye, wawili hao walikuwa miongoni mwa waliohusika na Waraka Nambari 10 wa mwaka wa 1965 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika, hati iliyoelekeza uchumi wa Kenya kwa muda mrefu.

Sasa tufike penye uchungu. Utaratibu wa wakati huo uliugawa muhula wa shule ya upili sehemu mbili. Baada ya miaka miwili kulikuwa na mtihani. Waliofaulu waliweza kuendelea miaka miwili zaidi hadi Cheti cha Cambridge, na cheti hicho ndicho kilichofungua mlango wa Makerere. Mwishoni mwa mwaka wa 1947 Mboya aliufanya mtihani huo, akafaulu kiasi cha kuendelea. Hakuendelea. Baba yake hakuwa na karo. Ndugu zake wadogo walikuwa wamefikia umri wa kusoma, na fedha za nyapara wa mkonge hazingeweza kumaliza kumsomesha mmoja na papo hapo kuwaanzishia wengine. Ilibidi uamuzi ufanywe, nao ulikuwa kwamba mkubwa atoke ili wadogo waingie.

Ni vigumu leo kukadiria uzito wa uamuzi huo. Tumezoea kusoma habari za viongozi waliofukuzwa shule kwa ushujaa wa kisiasa au walioacha masomo kwa hiari ili wapiganie uhuru. Kisa cha Mboya hakina fahari ya aina hiyo. Hakugoma, hakufukuzwa, hakushindwa. Alifaulu, kisha akahesabu shilingi pamoja na baba yake, nazo hazikutosha. Wangapi walikuwa hivyo mwaka huo katika nchi nzima hatuwezi kuwataja, kwa sababu majina yao hayakuandikwa popote. Mboya tunamjua kwa kuwa alipata njia nyingine. Pasipo hiyo angeishia karani wa duka mjini Thika, na makala haya yasingekuwapo.

Njia yenyewe ilikuwa mafunzo ya ukaguzi wa afya. Mwaka wa 1948 alijiunga na kozi ya Royal Sanitary Institute, iliyoendeshwa katika Shule ya Jeanes, Kabete. Sidhani kwamba kijana aliyependa maigizo na historia aliota usiku kuhusu mifereji ya maji machafu. Ila kozi hiyo ilikuwa na sifa moja isiyopingika: mwanafunzi hakudaiwa karo, bali alipewa posho. Alihitimu mwaka wa 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko ndiko alikokutana ana kwa ana na ubaguzi uliowekwa katika hesabu. Mkaguzi Mwafrika alilipwa takriban sehemu moja ya tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ileile. Kipo kisa alichokisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka wa 1963, Freedom and After. Mwanamke wa Kizungu aliingia ofisini na sampuli ya maziwa, akamtazama Mboya aliyekuwa peke yake, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alimuuliza kama macho yake yana dosari. Jibu hilo lilimletea mashtaka kwa wakubwa wake. Kwa mtu aliyefunzwa mdahalo, hata hivyo, lingekuwa vigumu kulimeza.

Kutoka hapo mambo yalienda mbio, nasi tutayapitia mbio vilevile kwa kuwa yameandikwa kwingi. Alichaguliwa kuongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji, akakigeuza mwaka wa 1952 kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka wa 1953 akapoteza kazi, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, Kenyatta na wenzake walikuwa kizuizini, vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, na sauti pekee halali ya Mwafrika wa kawaida ikawa ya vyama vya wafanyakazi. Alisuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa mwaka wa 1955. Mwaka wa 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Nairobi. Desemba 1958, akiwa na miaka 28 tu, aliuongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra chini ya wenyeji wa Kwame Nkrumah.

Katika mbio hizo kuna kituo kimoja kinachotuhusu. Hakuacha kusoma. Alijiandikisha kwa masomo ya posta, akisoma usiku baada ya mikutano, na kati ya mwaka wa 1955 na 1956 akapata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, ambacho kiliwapokea watu wazima kutoka vyama vya wafanyakazi bila kuwadai vyeti vya kawaida. Basi Mboya alifika Oxford bila Cheti cha Cambridge. Akawa mwanafunzi mgeni kwa mara nyingine, katika nchi ya baridi, akiwa na miaka 25. Alirudi bila shahada, naye hakupata shahada ya masomo ya kawaida maishani mwake. Wapinzani wake waliokuwa na shahada hawakuchoka kulikumbuka hilo.

Mnamo Aprili na Mei 1959 alizuru Marekani, akahutubia katika miji mingi. Jambo alilolirudia kuliko mengine lilikuwa kwamba Kenya inakaribia uhuru bila watu waliosoma wa kuiendesha, na kwamba vyuo vya Marekani vina nafasi ambazo Makerere haina. Pamoja na rafiki yake William Scheinman aliunda mfuko wa kuwasaidia wanafunzi, na watu maarufu, wakiwamo mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wakatia sahihi maombi ya michango. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni haikufurahi. Wasimamizi wake walidai kwamba vyuo vingi vya Marekani vilikuwa duni na kwamba vijana wasiofikia kiwango walikuwa wanapotoshwa. Ni hoja ya kiwango ambayo Mboya aliijua tangu mwaka wa 1947. Yeye alikuwa amefikia kiwango, na hakikumsaidia chochote.

Nauli ya ndege ya pili ilipokosekana, Mboya alikwenda Hyannis Port, Julai 26, 1960, kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa anagombea urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Zimesemwa siasa nyingi kuhusu msaada huo, kwamba Kennedy alitafuta kura za Waamerika Weusi na kwamba Mboya alikuwa chombo cha Wamarekani katika Vita Baridi. Yamkini yote mawili yana chembe ya ukweli. Lakini kufikia mwaka wa 1963 takriban wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo, na wengi wao walirudi kushika nafasi serikalini, vyuoni na hospitalini. (Husemwa pia kwamba Barack Obama mkubwa alikuwa katika ndege ya 1959. Hakuwamo. Alikwenda Hawaii mwaka huo kwa mipango mingine.)

Miongoni mwa waliosafiri mwaka wa 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, aliyesomea katika shule ya Mtakatifu Cecilia, Mathari, kisha kwa masista wa Loreto, Limuru. Ndiye Wangari Maathai wa baadaye. Aliingia mwaka wa kwanza katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas, chuo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Akatoka huko na shahada ya biolojia mwaka wa 1964, na mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Kengele ya Kansas na kengele ya Mang'u zilikuwa za mila moja. Tofauti ni kwamba yeye aliruhusiwa kukaa hadi ilipolia mara ya mwisho, na sehemu kubwa ya nauli iliyomfikisha huko ilitokana na bidii ya mtu ambaye hakukaa.

Haimaanishi kwamba Mboya hana lawama. Alipokuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi alitetea sera zilizowafaa zaidi wale waliokuwa na mtaji na elimu, nao wakosoaji wake waliuliza nyapara wa Kilima Mbogo yuko wapi katika waraka ule wa 1965. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mkutano wa chama cha KANU uliofanyika Limuru mwaka wa 1966, ambapo Jaramogi Oginga Odinga alisukumwa nje ya uongozi wa chama. Baadhi ya waliomtumia kwa kazi hiyo hawakuhitaji huduma zake tena baada ya hapo. Alikuwa hodari mno wa kupanga, na hakuwa na ngome ya kikabila ya kumlinda. Sifa ileile aliyoipata katika mabweni, ya kuwa wa wote, ilimwacha katika siasa za mwishoni mwa miaka ya 1960 bila mtu wa kumwita wake, isipokuwa wale walioanza kumwita wao alipokwisha kuuawa.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, aliingia katika duka la dawa la Chhani, barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38, na alikuwa amemwoa Pamela Odede mwaka wa 1962. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo, na swali la nani aliyemtuma halijapata jibu la mahakama hadi leo. Misa ya wafu ilifanyika Julai 8 katika Kanisa la Familia Takatifu, Nairobi. Nje ya kanisa umati ulikuwa mkubwa, gari la Rais Kenyatta likapigwa mawe, polisi wakafyatua gesi ya kutoza machozi, na moshi wake ukaingia hadi ndani walimokuwa waombolezaji. Kisha mwili ukasafirishwa kwa barabara kuelekea ziwani, ukazikwa Rusinga. Kaburi lake liko Kasawanga, ndani ya jengo lililojengwa kwa umbo la risasi.

Chuo cha Holy Ghost sasa ni Shule ya Upili ya Mang'u, nayo ilihamia eneo jipya karibu na Thika katika miaka ya 1970. Ndugu zake Mboya, wale ambao karo yao ilimtoa shuleni, walisoma.